Mtoto Anayeamka Usiku

Tusome: 1 Samweli 3:1-18, Luka 11:5-8



Katika mkutano wa akina mama, swali lililorudi mara nyingi kuliko mengine lilikuwa hili: mtoto wangu halali usiku, nifanye nini? Wengine wana mtoto wa mwaka mmoja anayeamka mara nne au tano. Wengine wana mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa akilala vizuri kule Goma, Rutshuru au Masisi, na tangu wavuke mpaka anapiga kelele katikati ya usiku mpaka mstari mzima wa nyumba unaamka. Mama mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba jirani amekwisha kumshauri ampeleke mtoto kwa watu wa maombi wakaangalie "kama hana kitu". Kwa ajili ya neno hilo la mwisho tumeona heri kuliandika somo hili kwa urefu.

Mzee Eli na mtoto Samweli

Wengi wetu tumelihubiri fungu la 1 Samweli 3 kama habari ya wito. Ni kweli. Lakini lisome tena ukiwa mzazi uliyechoka, nawe utaona jambo lingine.

Samweli hakuwa nyumbani kwao. Mama yake Hana alimleta Shilo kutoka Rama baada ya kumwachisha kunyonya, akamwacha kwa mzee ambaye hakuwa baba yake. Alilala mahali pa ugeni. Usiku akasikia sauti, akaondoka kitandani, akamkimbilia mtu mzima aliyekuwa karibu. Eli alikuwa mzee sana, macho yake yamepunguka nguvu, na bila shaka usingizi wake ulikuwa wa thamani kwake. Mtoto akamwamsha mara ya kwanza. Akamwamsha mara ya pili. Akamwamsha mara ya tatu.

Angalieni alivyofanya. Hakumpiga. Hakumwambia anamsumbua. Hakumwita mwongo, ingawa yeye mwenyewe hakusikia sauti yoyote. Alimjibu kwa maneno machache, yaleyale, kwamba hakumwita, akamrudisha kulala. Mara ya tatu akatambua kwamba liko jambo, akamfundisha la kusema ikiwa atasikia tena, na bado akamwambia aende akalale. Kisha asubuhi, kulipokucha na milango ya nyumba ya Bwana imekwisha kufunguliwa, ndipo alipomwita na kumwuliza habari ya usiku.

Eli hakuwa baba mwema katika mambo yote. Biblia haifichi habari za wanawe Hofni na Finehasi. Lakini usiku ule alitenda vizuri, na nimeona mara nyingi katika familia zetu kwamba mzazi anayefanya hivyo, usiku baada ya usiku, humwona mtoto wake akitulia polepole. Mengine yote katika somo hili yanasaidia kumfikisha mzazi hapo.

Usingizi wa mtoto ulivyo

Mtoto mchanga hajui mchana wala usiku. Tumboni alikuwa gizani siku zote. Mwili wake huanza kutofautisha nyakati anapokaribia miezi mitatu, na tumbo lake ni dogo, hivyo lazima aamke kunyonya. Usimnyime. Mtoto wa chini ya miezi sita anayeamka usiku kunyonya hana tatizo lolote. Na kunyonyesha usiku husaidia maziwa ya mama yasipungue. Mama mwenye mtoto wa wiki sita anapouliza jinsi ya kumlalisha usiku mzima, jibu la kweli ni kwamba bado. Anayehitaji msaada hapo ni mama, kwa kupikiwa, kuchotewa maji na kupata saa moja ya kulala mchana.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019. Mtoto wa chini ya miezi 4 anahitaji kulala saa 14 hadi 17 katika mchana na usiku pamoja. Wa miezi 4 hadi 11 anahitaji saa 12 hadi 16. Wa mwaka 1 hadi 2, saa 11 hadi 14. Wa miaka 3 na 4, saa 10 hadi 13. Usingizi wa mchana umehesabiwa humo. Kwa hiyo, ikiwa mtoto wako wa miaka minne amelala kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja, usishangae kumwona saa nne usiku anacheza na vifuniko vya sufuria.

Tena, hakuna mtu anayelala usiku mzima bila kuamka. Hata sisi wakubwa huamka kidogo mara kadhaa, tukajigeuza, tukavuta blanketi, tukalala tena, na asubuhi hatukumbuki. Mtoto naye huamka hivyo. Shida huja pale alipopatiwa usingizi akiwa mgongoni mwa mama au na titi mdomoni, kisha akalazwa. Anapoamka kidogo saa saba usiku, kile alicholala nacho hakipo. Sisi tuliowahi kulala nyumbani kwetu na kuamshwa tukajikuta kesho yake katika nchi nyingine tunaweza kuelewa kwa nini analia. Kwa hiyo mtoto aliyepita miezi sita na mwenye afya ni vizuri azoee kulazwa wakati macho yanaanza kufumba lakini hajalala kabisa, mkono wa mama ukiwa kifuani pake. Hatafaulu siku ya kwanza.

Tazama mwili kwanza

Kabla ya kusema mtoto ana tabia mbaya au ana roho fulani, washa tochi utazame.

Tazama katikati ya vidole, kwenye viwiko, kiunoni na makalioni. Upele wa kuwasha, ule unaoambukizwa kwa ngozi kugusana, huwasha zaidi usiku mwili unapopata joto chini ya blanketi, na mahali tunapolala wengi katika chumba kimoja huenea upesi. Usipowatibu watu wote wa nyumba kwa wakati mmoja, unarudi. Mashuka na nguo zifuliwe na kuanikwa juani siku ileile ya dawa.

Tazama pia sehemu ya haja kubwa. Kuna minyoo midogo myeupe kama nyuzi ambayo hutoka usiku kutaga mayai hapo, na mtoto hujikuna na kulia bila kujua kueleza. Dawa yake iko kwenye kituo cha afya na ni nyepesi. Hurudiwa baada ya wiki mbili, na jamaa wote hunywa. Kata kucha za watoto.

Sikio linalouma huuma zaidi mtoto akilala chali. Mafua huziba pua. Njaa nayo huamsha, wala tusione haya kuisema: siku ambazo chakula ni kidogo, afadhali uji, kama ule wa sosoma, uliokuwa wa asubuhi ugawanywe, sehemu yake ibaki kwa watoto jioni. Mtoto mwenye homa, anayepumua haraka, anayekataa kunyonya, au anayekoroma sana kila usiku hata pumzi inakatika na kuanza tena, huyo apelekwe kituo cha afya bila kungoja. Na chandarua kifungwe kila usiku na kuingizwa chini ya mkeka, kwa maana mbu wa malaria huuma tukiwa tumelala.

Neno moja kuhusu dawa. Wako wazazi wanaompa mtoto dawa ya maji ya mafua au ya mzio ili alale, kwa sababu muuzaji aliwaambia inaleta usingizi. Dawa iitwayo promethazini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Phenergan, haipaswi kupewa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa kuwa inaweza kumkata pumzi. Pombe ya kienyeji kwenye kijiko nayo ni hatari vilevile, hata kama bibi alifanya hivyo.

Jioni ifuate mpango uleule

Kwetu hapa jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza linakuja mara moja. Hiyo ni zawadi. Mwili wa mtoto hupenda jambo linalorudi saa ileile, na Mungu ametupa machweo yasiyobadilika sana.

Chagueni mambo machache mnayoweza kufanya kila siku hata siku ya mvua, na yafuatane kwa namna ileile. Tuseme: kula, kunawa miguu na uso, kwenda choo, kuingia chandaruani, wimbo mmoja, sala fupi, kulala. Wimbo uwe uleule. Sala iwe fupi kwa kweli. Baba akianza kuombea mataifa yote, mtoto wa miaka miwili ataamka upya. Kama leo mlilala nyumba ya ndugu na kesho mko hemani, wimbo na sala vinaweza kwenda nanyi. Familia zilizopokelewa Nkamira mwaka 2012, na zile zilizopokelewa huko tena tangu mwishoni mwa 2022, zilihamishwa baadaye kwenda kambi nyingine. Mtoto aliyehama hivyo mara mbili au tatu hana ukuta anaoujua. Wimbo wa jioni waweza kuwa ukuta wake.

Habari za vita zisisikilizwe kwenye simu karibu na kitanda. Najua tunangoja ujumbe wa ndugu waliobaki upande wa pili, na mara nyingi mtandao hupatikana vizuri usiku. Basi toka nje, sikiliza nje, urudi. Shitingi haizuii sauti, na mtoto anayefumba macho hajalala lazima. Anasikia jina la kijiji chake likitajwa na anajua mama amelia.

Asubuhi mwamshe saa ileile na kumtoa nje kwenye mwanga. Wengi hawalijui hili: usiku mzuri huanza kutengenezwa asubuhi.

Anapoamka

Hapa ndipo tunapomfuata Eli. Nenda kwake. Usiwashe taa kubwa, usimtoe nje, usianze mazungumzo, usimpe simu atazame picha. Weka mkono juu yake, sema maneno machache yaleyale kila mara, kwa mfano: "Mama yuko hapa. Ni usiku. Lala, mwanangu." Ukimaliza, kaa kimya. Akiamka tena, fanya vilevile. Usiku wa kwanza unaweza kurudia mara kumi. Baada ya siku kadhaa, kaa mbali kidogo, kwenye ukingo wa mkeka. Baadaye sauti peke yake itatosha.

Katika vitabu vya nchi nyingine utaona shauri la kumwacha mtoto alie peke yake kwa dakika zinazoongezeka kila usiku. Daktari wa Marekani aitwaye Richard Ferber aliandika mwaka 1985 juu ya njia ya namna hiyo, na wazazi wengi huko waliifuata. Iliandikwa kwa nyumba ambazo mtoto ana chumba chake na mlango wake. Sisi hatuna mlango huo, na jirani aliyetengwa nasi kwa shitingi ana kazi ya kuponda mawe asubuhi. Lakini hata tungekuwa na chumba, sioni vema kumwacha peke yake mtoto aliyeona mama akikimbia. Yeye anauliza swali moja tu usiku: je, bado mpo? Ajibiwe.

Ikiwa ameogopa ngurumo au kelele, mwambie ukweli kwa ufupi. Wakati wa volkano ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002, mamia ya maelfu ya watu waliondoka Goma, na wengi walikuja Gisenyi kwa miguu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima uliwaka tena jioni ya Jumamosi, na kwa siku nyingi baadaye ardhi ilitetemeka Goma na hapa Rubavu hata nyumba zikapasuka. Januari 2025, mapigano ya Goma yalipofika mjini, makombora na risasi vilivuka mpaka vikaanguka huku. Kwa hiyo usimwambie mtoto kwamba jambo hilo haliwezi kutokea tena. Hujui, naye siku moja atajua kwamba hukujua. Mwahidi lile unaloweza kulitimiza: "Kukiwa na hatari nitakuamsha. Baba atakubeba wewe, mimi nitambeba mdogo." Hayo yasemwe mchana, na mfuko wenye karatasi za familia uwekwe mahali pamoja panapojulikana na wote. Baada ya 2021 wako watoto waliokataa kuvua viatu usiku. Mmoja alikubali kuvivua baada ya kuonyeshwa kwamba viatu vyake vitakaa juu ya mfuko huo kila usiku. Aliviangalia, akalala.

Ndoto mbaya, na ile hofu nyingine

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni ndoto mbaya. Huja mara nyingi sehemu ya mwisho ya usiku, kuelekea alfajiri. Mtoto anaamka kweli, anakutambua, anataka kushikwa, na asubuhi anaweza kusimulia. Huyo mkumbatie, na kesho mchana, kama Eli alivyofanya, mwulize kwa upole. Mpe kijiti achore mchangani. Asipotaka kusema usimlazimishe.

La pili hutokea sehemu ya kwanza ya usiku, labda saa moja au mbili baada ya kulala. Mtoto anaketi ghafula, anapiga ukelele, macho yako wazi lakini hakuoni, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio, anakusukuma ukimshika. Dakika chache, kisha analala kama vile hakuna kitu. Asubuhi hakumbuki lolote. Wazazi huogopa sana, na ni jambo la kuogofya kulitazama. Lakini hajaamka, sehemu ya ubongo imelala na sehemu imeshtuka. Hutokea kwa watoto wa nchi zote, walio na amani na wasio nayo, hasa kati ya miaka mitatu na minane, na huzidi mtoto anapochoka mno, anapokuwa na homa au baada ya mashaka. Usimtikise, usimmwagie maji, usimpigie kelele. Ondoa kitu kinachoweza kumwumiza, kaa karibu, ngoja ipite. Wengi huacha wenyewe wanapokua. Ikitokea mara nyingi usiku mmoja, au mwili unakakamaa na kutetemeka kwa mpigo, au povu linatoka, hilo ni jambo jingine. Nenda kituo cha afya.

Kukojoa kitandani nako kusilete aibu. Watoto wengi hukojoa mpaka miaka mitano au zaidi, na mtoto aliyekuwa amekwisha kuacha anaweza kuanza tena baada ya hofu. Hakukusudia. Weka kipande cha shitingi chini ya shuka, na kopo lenye kifuniko ndani ya nyumba, maana kumtuma mtoto wa kike gizani kwenye choo cha mbali si salama.

Mtoto huyu si mchawi

Sasa tuseme lile lililotufanya tuandike. Katika miji ya kwetu Kongo imeenea desturi mbaya ya kumtazama mtoto anayepiga kelele usiku, anayeongea usingizini au anayekojoa kitandani, na kusema ana uchawi. Wako watoto waliofukuzwa nyumbani kwa neno hilo. Wengine walifungiwa ndani ya nyumba za maombi, wakanyimwa chakula, wakapigwa ili "waungame". Mara nyingi aliyeshutumiwa ni yatima au mtoto wa mke wa kwanza, na hilo peke yake lingetosha kutufikirisha.

Nchi ya Kongo ilitoa sheria ya ulinzi wa mtoto tarehe 10 Januari 2009, nayo inakataza kumshutumu mtoto kwa uchawi na kuweka adhabu kwa anayefanya hivyo. Lakini sisi hatukupaswa kungoja sheria. Katika Marko 10 wanafunzi walipowazuia watoto, Yesu alichukizwa, akawakumbatia, akaweka mikono juu yao na kuwabariki. Huo ndio mfano wetu wa kuwawekea mikono watoto. Haukuwa na kelele wala kushikwa kwa nguvu.

Tusieleweke vibaya. Mwombee mtoto wako. Mwite mzee wa kanisa aje nyumbani mwombe pamoja jioni, kwa sauti ya utulivu, mtoto akiwa mapajani pa mama. Lakini mtu yeyote akisema mtoto afungishwe chakula, atengwe na wenzake, au aachwe kwake kwa siku kadhaa, kataa, hata kama mtu huyo anaitwa nabii, na uwaambie wazee. Mtoto aliyeogopa usiku akashutumiwa mchana hana tena mahali pa kupumzika. Na ikiwa neno hilo limekwisha kusemwa juu ya mtoto mbele ya majirani, tunaomba wachungaji wamtetee mbele ya majirani haohao, si faraghani.

Kitanda kimoja, na moto

Wako waliofundishwa kwamba kulala na watoto ni ushamba. Basi wasome Luka 11:7. Yule mtu aliyegongewa mlango usiku wa manane alijibu kwamba amekwisha kufunga na watoto wake wako pamoja naye kitandani. Bwana wetu aliitaja nyumba ya namna hiyo kama jambo la kawaida, na wasikilizaji wake walilijua.

Hata hivyo kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja kuna tahadhari. Alale chali, uso wazi, pasipo mto laini wala blanketi zito juu ya kichwa. Asilale katikati ya watu wazima wawili, wala kwenye nafasi kati ya godoro na ukuta. Mtu aliyekunywa pombe, au aliyemeza dawa ya usingizi, au anayevuta sigara, asilale naye kabisa. Dhidi ya baridi mvike nguo mbili tatu badala ya kumfunika sana.

Na baridi ipo. Gisenyi yenyewe iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za juu kuelekea Musanze ni baridi zaidi. Ndiyo maana watu huingiza jiko la makaa, mbabula, ndani ya nyumba na kufunga mlango ili watoto walale joto. Msifanye hivyo. Sisi wa Goma tunajua mazuku, ile hewa mbaya ya volkano inayokaa katika mabonde madogo upande wa Sake, isiyoonekana, inayoua mbuzi na hata watoto walioshuka humo. Makaa yanatoa gesi nyingine, kaboni monoksidi, ambayo nayo haina rangi wala harufu, na haikai chini tu bali hujaa chumba chote. Makaa yasiyotoa moshi hutoa gesi hiyo vilevile. Mtu analala na haamki, na mtoto hushindwa upesi. Pasheni maji, mtie kwenye chupa iliyofungwa vizuri, ifungeni katika kitenge, iwekwe kitandani dakika kadhaa kabla ya mtoto kuingia, kisha iondolewe. Jiko libaki nje.

Mzazi naye

Eliya alipokimbia mbele ya Yezebeli na kutamani kufa, malaika hakumhubiria. Katika 1 Wafalme 19 alimwacha alale, akamwamsha ale, akalala tena, akaamshwa tena ale. Mama ambaye hajalala wiki tatu hawezi kuwa mtulivu kama Eli. Atapiga, kisha atalia kwa kuwa amepiga. Baba, amka wewe usiku wa Jumanne na wa Ijumaa. Mkono wako juu ya mtoto unafanya kazi sawa na wake. Mama mjane, au ambaye mume wake amebaki upande wa pili, asiachwe peke yake: dada mmoja wa kikundi amchukulie mtoto mchana mara mbili kwa wiki ili alale. Ukiona mikono yako inataka kumtikisa mtoto mchanga, mlaze chali mahali salama, toka nje, pumua, mwite jirani. Afadhali alie dakika tano kuliko kutikiswa, maana kumtikisa mtoto mchanga kunaweza kuumiza ubongo wake.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi vya nyumbani

Eli aliamshwa mara tatu. Mara ya tatu alitambua nini, na kwa nini hakutambua mara ya kwanza?

Katika nyumba yako, ni mambo gani matatu au manne mnayoweza kuyafanya kila jioni kwa mfuatano uleule? Andikeni, mjaribu kwa wiki mbili, mlete habari.

Je, katika mtaa wenu yuko mtoto ambaye watu wamesema neno la uchawi juu yake? Nani katika kikundi atakwenda kuiona familia hiyo wiki hii, na nani atamjulisha mchungaji?

Ni mama gani kati yetu analala kidogo kuliko wote, na nani atamchukulia mtoto siku ya Jumatano?